Baba Mwenye Umri Mdogo: Mtoto Wake, Haki Zake na Wajibu Wake

Somo la toleo hili linahusu wavulana ambao wamekuwa baba kabla ya kufikia miaka 18. Kuhusu wasichana wanaopata mimba mapema tumekwisha kusema mengi, na tutaendelea kusema. Lakini kila mtoto aliyezaliwa ana baba, na mara nyingine baba huyo ni mvulana wa miaka 16 ambaye bado anavaa sare ya shule.

Wengine watauliza: kwa nini gazeti la afya linazungumza mambo ya sheria? Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea (VHT) tunapita nyumba kwa nyumba tukiangalia kadi za wajawazito na za chanjo. Tunapouliza baba wa mtoto ni nani, mara nyingi nyumba nzima inanyamaza. Mvulana amejificha, au amekwenda Kampala, au wazazi wake wamemkataza asionekane. Kutokana na ukimya huo mama anakwenda kliniki peke yake, mtoto anakosa msaada, na jina la baba haliandikwi popote. Kwa hiyo ukimya huu ni jambo la afya.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne: sheria ya Uganda inasema nini juu ya baba mwenye umri mdogo; jinsi ya kutambuliwa; hatari iliyopo na namna ya kujilinda; na kazi ya baba katika afya ya mama na mtoto. Tunatumia sheria ya Uganda kwa sababu mkimbizi anayeishi hapa anaongozwa na sheria za nchi iliyompokea, awe ametoka Kongo, Burundi, Rwanda au Somalia.

1. JE, MVULANA CHINI YA MIAKA 18 NI BABA MBELE YA SHERIA?

Ndiyo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Lakini Sheria ya Watoto, ambayo ilitungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba kila mzazi ana wajibu wa uzazi kwa mtoto wake. Haikusema "kila mzazi aliyefikisha miaka 18", wala "kila mzazi aliyeoa". Imesema kila mzazi.

Kwa hiyo mvulana wa miaka 16 aliyezaa anakuwa na hali mbili kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe ni mtoto anayestahili kulindwa, kulishwa na kusomeshwa na wazazi wake. Pia ni baba wa mtoto mwingine, ambaye naye anastahili kulindwa, kulishwa na kusomeshwa. Hali moja haifuti nyingine. Wazazi wanaosema "huyu bado mtoto, hana mtoto" wanakosea. Wanaosema "sasa wewe ni mtu mzima, toka nyumbani kwangu" wanakosea pia.

Wasomaji wetu Wakongomani wakumbuke kwamba hata nyumbani jambo hili si geni. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na mtu haruhusiwi kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje ya ndoa. Wazee wetu nao walisema kitanda hakizai haramu, maana yake mtoto hana kosa kwa namna alivyozaliwa.

2. KWA NINI JINA LA BABA NI MUHIMU KWA MTOTO?

Haki ya kwanza hapa ni ya mtoto, ndipo ifuate ya baba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unasema mtoto aandikishwe mara anapozaliwa, awe na jina, na kadiri inavyowezekana awajue wazazi wake na kulelewa nao. Katiba ya Uganda nayo inasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Katika maisha yetu ya kambini, jina la baba linasaidia hivi:

a) Matunzo. Mama akihitaji msaada wa chakula, nguo au matibabu, anajua ni nani mwenye wajibu pamoja naye.

b) Afya. Daktari akiuliza kama katika ukoo kuna ugonjwa wa selimundu, kisukari au kifafa, jibu la upande mmoja halitoshi.

c) Ukoo. Mtoto anajua bibi na babu zake. Akifiwa na mama, kuna watu wa upande wa pili wanaotambulika, hatabaki mikononi mwa yeyote.

d) Karatasi za ukimbizi. Familia ikihama, ikirudi nyumbani au ikipelekwa nchi ya tatu, ofisi zinauliza wazazi wote wawili wako wapi. Baba ambaye hakuandikwa popote anaweza kuona mtoto wake anaondoka na asiwe na la kusema. Tutalirudia jambo hili.

3. HATUA ZA KUTAMBULIWA KUWA BABA

Wavulana wengi wanadhani kutambuliwa ni kupeleka mbuzi au pesa kwa wazazi wa msichana. Desturi ina heshima yake, lakini mbuzi hasemi ofisini. Njia zinazobaki katika karatasi ni hizi.

Hatua ya kwanza: kliniki. Baba akienda na mama kupima mimba, jina lake linaweza kuandikwa katika kitabu cha mama na mtoto. Kitabu hicho si hukumu ya mahakama, ila kinaonyesha kwamba tangu mwanzo baba hakujificha.

Hatua ya pili: kuandikisha kuzaliwa. Kila mtoto anayezaliwa Uganda, hata wa mkimbizi, anatakiwa kuandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015. Mtoto akizaliwa katika kituo cha afya, taarifa ya kuzaliwa inaanzia hapo hapo. Hakikisheni majina ya baba na mama yameandikwa sawasawa na yalivyo katika karatasi ya familia ya OPM, herufi kwa herufi. Jina likiandikwa "Amisi" huku na "Hamisi" kule, litawasumbua miaka mingi. Aliyezaliwa nyumbani aandikishwe pia. Mwone VHT au mwenyekiti wa kijiji akuelekeze. Kuandikisha kuzaliwa hakulipiwi, kwa hiyo usimpe pesa mtu anayesema atakupitishia. Sheria ya Watoto inasema jina la baba likiwa katika daftari la vizazi, nakala yake iliyothibitishwa ni ushahidi kwamba ndiye baba, mpaka mtu alete ushahidi wa kinyume.

Hatua ya tatu: barua ya kukubali. Sheria hiyo inatambua pia maandishi yaliyotiwa saini na mama wa mtoto pamoja na mwanamume anayekubali kuwa ndiye baba, kila mmoja mbele ya shahidi. Kwa wenye umri mdogo tunashauri wazazi au walezi wa pande zote wawepo, na afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya (yule tunayemwita probesheni) ajulishwe. Kabla ya kutia saini soma kwanza sehemu ya 4 hapa chini, kwa sababu karatasi hii ina uzito.

Hatua ya nne: mahakama. Kama kuna ubishi, mama, baba, mlezi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima, anaweza kuomba Mahakama ya Familia na Watoto itamke nani ni mzazi. Ombi linaweza kuletwa wakati wowote kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Mahakama inaweza kuagiza damu ipimwe. Mvulana aliye chini ya miaka 18 hafungui kesi ya madai peke yake. Anasimamiwa na mtu mzima, kama vile mzazi wake, mjomba au mlezi.

4. "NIKIKUBALI MTOTO, SITAFUNGWA?"

Hili ndilo swali linalowafanya wavulana wakimbie, kwa hiyo tulijibu bila kuficha. Uganda, kufanya mapenzi na mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, hata kama alikubali. Kosa hili ni la kunajisi mtoto, na adhabu ya juu kwa mtu mzima ni kifungo cha maisha. Aliyefanyiwa akiwa chini ya miaka 14, kosa ni zito zaidi. Lakini sheria haiwahesabu watu wote sawa. Angalia hali nne zifuatazo.

Hali ya kwanza: wote wawili wako kati ya miaka 12 na 18, na hakuna aliyelazimishwa. Mwaka 2007 Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Makosa ya Jinai na kuweka kifungu kinachohusu mtoto kwa mtoto. Kwa kifungu hicho, mvulana na msichana wote wawili wanashughulikiwa kwa utaratibu wa Sheria ya Watoto, si kama watu wazima. Mahakama inaweza kuonya, kuachilia kwa masharti au kumweka mtoto chini ya uangalizi wa probesheni. Kabla ya kuamuru mtoto azuiliwe, inaletewa ripoti ya probesheni juu ya maisha yake ya nyumbani na shuleni. Kumzuilia ni njia ya mwisho kabisa, na hawekwi pamoja na wafungwa wazima.

Hali ya pili: mvulana amefikisha miaka 18 na msichana bado. Hata akiwa amemzidi mwaka mmoja tu, sheria inamwona kijana huyo kuwa mtu mzima. Hii ni kesi kubwa. Aonane na mwanasheria kabla ya kusema au kutia saini chochote.

Hali ya tatu: mwanamke ni mtu mzima na mvulana yuko chini ya miaka 18. Zamani sheria ilimlinda msichana tu. Tangu mabadiliko ya 2007 inamlinda mtoto yeyote, wa kiume na wa kike. Kwa hiyo mvulana wa miaka 15 aliyezaa na mwanamke wa miaka 25 ni yeye aliyekosewa. Watu wanaomcheka na kumwita dume wanamzidishia jeraha. Ana haki ya kusikilizwa, kutibiwa na kulindwa, na bado ana haki ya kumjua mtoto wake.

Hali ya nne: msichana alilazimishwa. Hapa hakuna mazungumzo ya mapatano. Usalama na matibabu ya msichana vinakuja kwanza. Afike kituo cha afya haraka, ikiwezekana kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi na huduma nyingine. Aliyelazimisha asitumie jina la "baba" kama ufunguo wa kuingia katika nyumba ya mtu aliyemuumiza.

Sasa kuhusu saini. Karatasi ya kukubali mtoto inaweza kusomwa pia kama ushahidi katika kesi ya jinai. Ndiyo maana tunasema mwanasheria kwanza, saini baadaye. Makazi mengi ya wakimbizi yana mashirika yanayotoa msaada wa sheria bila malipo. Uliza katika ofisi ya ulinzi. Kutafuta ushauri si kukataa mtoto. Wakati unasubiri ushauri unaweza kuendelea kupeleka sabuni, maziwa na nauli ya kliniki.

Pia mjue kwamba kliniki haikujengwa ili kukamata watu. Tunatunza siri za wagonjwa. Lakini mhudumu akiona dalili kwamba mtoto ameumizwa au amelazimishwa, sheria inamtaka atoe taarifa. Tunasema hivi wazi ili mtu asije kusema alidanganywa.

5. KUTAMBULIWA KUNALETA NINI, NA HAKULETI NINI?

Kutambuliwa kunaleta undugu wa kisheria kati ya baba na mtoto. Baba anahesabika kuwa mzazi. Anaweza kuulizwa juu ya maisha ya mtoto, anaweza kuomba kumtembelea, na anadaiwa matunzo.

Kutambuliwa hakumpi baba ruhusa ya kuchukua mtoto. Sheria ya Watoto inasema wazi kwamba tamko la uzazi peke yake halitoi haki ya kukaa na mtoto. Hilo linaombwa kivyake, na mahakama inatazama jambo moja kuliko yote: faida ya mtoto mwenyewe. Mtoto anayenyonya kwa kawaida anamhitaji mama yake karibu. Familia ya mvulana inayokwenda usiku "kuchukua damu yetu" inavunja sheria na inahatarisha maisha ya mtoto.

Kutambuliwa pia hakumfanyi mvulana kuwa mume wa msichana. Uganda hakuna ndoa chini ya miaka 18, kwa mwanamume wala kwa mwanamke; hilo liko katika Katiba. Ile desturi ya kumfungia msichana nguo zake na kumpeleka kwa akina mvulana, "aliyevunja yai alilipie", ni kuwaoza watoto. Mimba ya kwanza ikiwa haijapona, ya pili inaingia. Wavulana wengine waliosukumiwa mke wakiwa na miaka 16 waliacha shule, wakaanza kunywa, na ugomvi ukaingia katika nyumba ndogo ya turubai.

Tena, kutambuliwa hakutegemei pesa. Mvulana maskini ni baba sawa na mvulana tajiri. Wazazi wa msichana wasiseme "usipoleta shilingi laki tano humwoni mtoto". Na mvulana asiseme "kwa kuwa sina kitu, sina wajibu". Wajibu unaanza na kile ulicho nacho.

6. KWA WAZAZI WA PANDE ZOTE MBILI

Wazazi wangu, mama zetu na baba zetu, tunajua uchungu mnaousikia. Mmekimbia vita, mmeishi kwa mgawo unaopungua, na sasa kuna mdomo mwingine wa kulisha. Hasira ni ya haki, lakini hasira isiwe ndiyo inayoandika maisha ya mtoto. Tunawaomba yafuatayo.

Msimpige mvulana wala kumfukuza. Akikimbilia mjini, msichana hapati msaada, ninyi mnapoteza mtoto, na mjukuu anapoteza baba.

Msimfiche pia. Kumpeleka kwa mjomba katika makazi mengine hakuondoi mimba. Kunamfundisha tu kwamba mwanamume akikosea anakimbia.

Msimalize kesi ya kunajisi kwa mbuzi. Viongozi wetu wa wakimbizi wa RWC na mahakama za LC hawana mamlaka ya kuhukumu kosa hilo. Wanaweza kutuliza ugomvi na kuwakutanisha wazazi juu ya matunzo ya mtoto, lakini hawawezi kufuta kosa la jinai. Pesa iliyoliwa gizani mara nyingi inarudi kuwa kesi ya pili.

Mkikaa kikao, wekeni mambo ya mtoto kwenye maandishi: nani ananunua nini, siku gani baba anakuja kumwona mtoto, nani analinda mtoto ili mama arudi shule. Probesheni awe na nakala.

Baba wa mvulana, kijana wako hana kipato. Kwa kuwa yeye bado ni mtoto wako, kumsaidia kulea ni sehemu ya kumlea yeye. Lakini usilipe kila kitu naye amekaa kivulini. Avune mihogo, achote maji, afue nguo za mtoto. Ubaba anajifunza kwa mikono yake.

7. MVULANA ANAYESINGIZIWA, NA MVULANA ANAYEKANA

Hutokea msichana anamtaja mvulana fulani kwa sababu anamwogopa baba halisi, labda mtu mzima mwenye mamlaka juu yake. Mvulana anayesingiziwa asitie saini kwa kupigwa wala kwa kutishwa. Aseme kwa heshima: "Naomba vipimo na mahakama." Sheria inampa nafasi hiyo. Wakubwa nao wamuulize msichana kwa upole, akiwa peke yake na mwanamke anayemwamini, kwa sababu nyuma ya jina la uongo kunaweza kuwa na mtu anayemdhuru mpaka leo.

Hutokea pia mvulana anajua kabisa kuwa mtoto ni wake, lakini marafiki wanamwambia akane. Kukana hakumalizi jambo. Mama anaweza kuomba mahakama mtoto akiwa na mwaka mmoja, miaka mitano au kumi. Mtoto naye atakua na atauliza.

8. KAZI YA BABA MDOGO KATIKA AFYA

Mimba ya msichana mdogo ina hatari kubwa kuliko ya mwanamke aliyekomaa. Kifafa cha mimba, uchungu unaokwama, fistula na mtoto mwenye uzito mdogo huwapata zaidi. Baba mdogo anaweza kupunguza hatari hizo hivi:

- Amsindikize mama kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12 za mimba kupita.
- Wapime virusi vya ukimwi na kaswende wote wawili. Mama mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzimeza vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na kukua bila virusi.
- Ajue dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, maji kumwagika kabla ya wakati, mtoto tumboni kuacha kucheza. Akiona mojawapo, wasisubiri asubuhi.
- Aandae nauli ya boda na namba ya simu ya VHT kabla ya mwezi wa tisa. Mtoto azaliwe katika kituo cha afya.
- Amsaidie mama anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi 6, bila maji wala uji. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi. Posho na maharage yake yasipunguzwe.
- Akumbuke tarehe za chanjo: mara mtoto anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9 kwa surua, kisha nyingine kama kitabu kinavyoonyesha. Baba anaruhusiwa kumleta mtoto kwenye chanjo. Hakuna atakayemcheka, akichekwa, atuambie sisi.
- Wazungumze na mhudumu juu ya uzazi wa mpango ili mimba nyingine isifuate upesi.

Tusisahau moyo wa mvulana mwenyewe. Aliyekuwa akicheza mpira na sasa halali usiku, hali chakula, anasema afadhali afe, huyo ni mgonjwa anayehitaji msaada. Mleteni kwenye huduma ya afya ya akili bila kumhukumu. Na shule isikatwe, kwake wala kwa msichana. Baba aliyesoma atamfaa mtoto kwa miaka mingi kuliko baba aliyeacha darasa ili abebe matofali mwezi mmoja.

9. FAMILIA IKIONDOKA

Tulisema tutarudi hapa. Mara nyingi msichana na mvulana wako kwenye karatasi tofauti za familia, na mtoto anaandikwa upande wa mama. Kama familia ya mama inaingia katika mpango wa nchi ya tatu au inarudi nyumbani kwa hiari, maofisa wanatakiwa kuangalia faida ya mtoto na kuuliza habari za mzazi anayebaki. Mzazi aliyejulikana anaitwa na kuulizwa kama anakubali. Mzazi ambaye hajulikani hawezi kuitwa.

Kwa hiyo mvulana na wazazi wake waende mapema katika ofisi ya OPM na UNHCR inayoshughulikia ulinzi wa watoto, waeleze kwamba kuna mtoto na wangependa uhusiano huo uandikwe katika faili. Wasingoje wiki ya basi. Na wasitumie jambo hili kuifungia familia ya msichana njia au kuidai pesa. Afisa akiona saini inauzwa, hatawaamini tena.

10. WAPI PA KUULIZA

Kwa afya: VHT wa kijiji chako au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa ulinzi: dawati la ulinzi wa watoto, probesheni wa wilaya, au kitengo cha familia na watoto katika polisi. Kwa sheria: mashirika ya msaada wa kisheria katika makazi yako. Mtoto aliye hatarini, au mtu anayemjua, anaweza kupiga simu ya watoto ya Uganda, namba 116, bila malipo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mvulana wa miaka 16 na msichana wa miaka 16 wamepata mtoto. Baba wa msichana anataka mbuzi watatu na kuwaoza. Mngemshauri nini?
2. Taja njia mbili ambazo jina la baba linaweza kuthibitishwa kwa maandishi.
3. Kwa nini mvulana aonane na mwanasheria kabla ya kutia saini barua ya kukubali mtoto?
4. Je, baba aliyetambuliwa anaweza kumchukua mtoto kwa nguvu? Eleza.
5. Katika kijiji chenu, tufanye nini ili baba wadogo wasiogope kuja kliniki?

Viongozi wa vikundi, somo hili msilisome kwa wavulana peke yao wala kwa wasichana peke yao tu. Siku nyingine waketisheni pamoja na wazazi wao. Kijana ambaye jambo hili limempata, usiku wa leo si lazima ufanye yote. Anza na moja: mwone VHT wako, uliza tarehe ya kliniki inayofuata, uende.